Tukiongeza miaka ya kifungo, uhalifu unapungua? Uzi wa tafiti za jinai na adhabu

Mleta mada:

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila likitokea tukio la kutisha, hoja inayoshika kasi kuliko zote ni moja: sheria ziwe kali. Waliokuwa wakifungwa miaka mitano wafungwe thelathini, waliokuwa wakifungwa thelathini wanyongwe. Hoja hii ina mvuto kwa sababu inaendana na hasira, na sioni ubaya wa mtu kumkasirikia mhalifu. Ila kama adhabu kali inapunguza uhalifu au haipunguzi, hilo linapimika, na limepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Nimezisoma tafiti hizi kwa muda, nikaona niziweke hapa tuchambue. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje baadaye.

Naanza na Cesare Beccaria, Mwitalia wa Milan. Mwaka 1764, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alichapisha kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu, wakati ambapo Ulaya bado ilikuwa inavunja watu mifupa hadharani. Hoja yake: adhabu ya wastani ambayo mtu hawezi kuikwepa inatisha kuliko adhabu kubwa yenye mwanya wa kuponyoka. Hakuwa na takwimu hata moja mkononi. Takwimu zilikuja baadaye sana, na kwa sehemu kubwa zimempa haki.

Watafiti huitenga adhabu katika mambo matatu: uhakika wa kukamatwa, upesi wa adhabu kufika, na ukali wake. Watunga sheria wana uwezo wa kugusa ukali kwa kalamu tu, siku moja bungeni, bila kuajiri askari hata mmoja. Ndiyo maana hukimbilia huko.

Tatizo ni kwamba ukali unaweza kuula uhakika. Tazameni Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, ambako makosa zaidi ya 200 yalibeba adhabu ya kifo. Kuiba ndani ya nyumba ya mtu mali ya shilingi 40 ilikuwa kitanzi. Kilichotokea? Jopo la raia waliokaa kusikiliza kesi linaona wazi kwamba mshitakiwa kaiba, kisha linatangaza kwamba mali ile ina thamani ya shilingi 39. Na wengine walioibiwa hawakushitaki kabisa, kwa kuogopa kubeba roho ya mtu. Sheria ikawa kali kwenye karatasi, na mwizi akawa na matumaini mazuri ya kuponyoka.

Sasa utafiti wa karibu zaidi. David Lee na Justin McCrary walichukua kumbukumbu za jimbo la Florida, Marekani. Pale kijana akitimiza miaka 18, anatoka kwenye mfumo wa watoto anaingia mahakama ya watu wazima. Usiku mmoja tu adhabu inayomsubiri inaruka juu kwa kiasi kikubwa, wakati yeye mwenyewe ni yuleyule wa jana. Kama ukali unatisha, makosa yangeporomoka palepale kwenye siku ya kuzaliwa. Yalishuka kidogo mno, karibu hakuna.

Sababu si ngumu. Anayevunja mlango usiku hapigi hesabu ya miaka saba dhidi ya kumi na tano. Anapiga hesabu ya kukamatwa leo au kutokamatwa, na wengi wao wanaamini hawatakamatwa. Ongezeni hapo pombe, hasira, na umri.

Umri ni jambo la kulitazama vizuri. Adolphe Quetelet, Mbelgiji, alitumia takwimu za mahakama za Ufaransa kuonyesha mwaka 1831 kwamba uhalifu hupanda mtu akiwa kijana, hufika kilele, kisha hushuka kadiri anavyozeeka. Umbo hilo limeonekana tena na tena tangu wakati huo. Kwa hiyo ukimfunga mtu wa miaka 20 kwa miaka 40, sehemu kubwa ya kifungo hicho unalinda jamii dhidi ya mzee ambaye yaelekea angekuwa ameshaacha mwenyewe.

Karibuni.

---

mbishi_asilia:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo la wazi kabisa. Mtu akiwa ndani haibi. Sihitaji profesa anieleze hilo. Hofu iwepo isiwepo, mlango umefungwa.

Halafu Italia hapo hapo kwa Beccaria wako: mwaka 2006 bunge lao lilitoa msamaha wa jumla, zaidi ya wafungwa 20,000 wakaachiwa, zaidi ya theluthi ya wote waliokuwa magerezani. Watafiti wakaangalia kilichofuata, na uhalifu ulipanda. Hili umelificha au?

---

Mleta mada:

@mbishi_asilia sijalificha, nilikuwa nakusubiri uje nalo.

Ni kweli, na ni hoja yenye uzito. Kuzuia kwa kufungia ni jambo moja, kutisha ni jambo jingine, na mimi nilikuwa naongelea kutisha. Lakini msamaha ule wa Italia una upande wa pili ambao ni mtamu zaidi. Masharti yalikuwa kwamba aliyeachiwa akitenda kosa zito ndani ya miaka mitano, atarudi kumalizia kifungo kilichobaki, juu ya kipya. Aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja na aliyekuwa amebakiza miaka mitatu walitoka siku zilezile, mmoja na deni dogo, mwingine na deni kubwa. Drago, Galbiati na Vertova walifuatilia, wakakuta kwamba kila mwezi wa ziada uliobaki ulipunguza kidogo uwezekano wa mtu kurudia kosa.

Yaani hapo ukali ulitisha. Naliweka wazi kwa sababu linanibana. Tofauti ni kwamba wale walijua adhabu yao kwa hesabu kamili, imeandikwa kwa jina la kila mmoja, na walikuwa wametoka kuionja. Kijana wa mtaani hajui hata kifungu cha sheria anachokivunja.

Halafu tazama California. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu. Helland na Tabarrok waliwalinganisha waliokuwa na makosa mazito mawili tayari na waliofikishwa mahakamani kwa makosa mawili kama hayo lakini wakatiwa hatiani kwa moja tu. Wa kwanza walikamatwa pungufu kwa asilimia 17 hadi 20. Athari ipo! Ila walipopiga hesabu ya gharama za magereza kwa kila kosa lililozuiwa, walikuta fedha hiyohiyo ingezuia makosa mengi zaidi kama ingewekwa kwa polisi.

Kwa hiyo sisemi ukali haufanyi lolote. Nasema ni njia ghali inayoleta kidogo.

---

mbishi_asilia:

Afadhali sasa unaongea. Basi wafungwe wale sugu tu. Si mnasema wachache ndio wanaosumbua?

---

Mleta mada:

Hilo lina utafiti wake maarufu. Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kuishi Philadelphia. Wavulana 627, kama asilimia 6 ya wote, walibeba zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikishwa. Iliposomwa, kila mwanasiasa alisema kama wewe: tuwakamate hao asilimia 6, kazi imekwisha.

Shida ni kwamba unawajua baada ya kutenda. Ukiwatazama wakiwa na miaka 14 wanafanana sana na wengine wengi watakaoacha. John Laub na Robert Sampson walichukua kumbukumbu za wavulana 500 wa Boston waliopelekwa shule za maadilisho, zilizokuwa zimekusanywa na Sheldon na Eleanor Glueck na baadaye zikaachwa kwenye ghala la chini la maktaba ya Harvard. Wakawatafuta wale waliokuwa bado hai, wakiwa wazee wa karibu miaka 70. Karibu wote walikuwa wameacha, kila mmoja kwa wakati wake, na utotoni hakukuwa na alama ya kutegemewa ya kutabiri nani angeacha mapema. Kilichosaidia kuwatoa kilikuwa vitu kama ndoa iliyotulia, kazi ya kudumu, jeshi.

---

Mdadisi:

Nauliza kama mtu asiye wa fani. Mnasema "utafiti umeonyesha, utafiti umeonyesha". Mtajuaje kwamba programu fulani ndiyo iliyomsaidia mtu na si umri tu, kama mleta mada alivyosema mwenyewe? Mtu angeacha hata bila hiyo programu.

---

Mleta mada:

@Mdadisi umegusa mahali penyewe. Jibu ni kundi linganishi, na hakuna mfano unaonitisha kuliko Cambridge-Somerville, Massachusetts. Nitakaa hapa kidogo.

Daktari mmoja, Richard Cabot, alitaka kuzuia uhalifu kabla haujaanza. Wakachaguliwa wavulana 506, wakapangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia, mtaa na tabia. Kisha sarafu ikarushwa. Mmoja wa kila jozi akapewa kila kitu: mshauri anayemtembelea nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, msaada wa masomo, matibabu, kambi za likizo. Hii iliendelea kwa wastani wa miaka mitano na nusu, hadi mwaka 1945. Mwenzake akaachwa kama alivyo.

Miaka 30 baadaye Joan McCord akawatafuta watu hawa. Aliwauliza waliosaidiwa kama programu iliwafaa, na theluthi mbili wakasema ndiyo. Walikumbuka majina ya washauri wao kwa upendo. Kama angeishia hapo, tungekuwa na ripoti nzuri ya kuchapisha yenye picha za watu wakitabasamu.

Lakini akafungua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo. Waliosaidiwa hawakuwa wametenda makosa machache. Kwenye vipimo kadhaa walikuwa wabaya zaidi: waliotenda kosa moja walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi, na waliofariki walifariki mapema zaidi. Watu wema walijitolea kwa miaka, na watoto wakaumia kuliko wangeachwa tu.

Baadaye McCord alionyesha kidole kwenye kambi. Walioonekana kuumia hasa walikuwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukikusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana na kushangiliana wao kwa wao.

Fikirini ingekuwa hakuna ile sarafu. Hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua.

Na jambo hilohilo likajirudia kwenye zile programu za kuwapeleka vijana gerezani ili wafungwa wa maisha wawafokee na kuwatisha. Zilianzia kwenye gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970. Filamu yake ya mwaka 1978 ilichukua Oscar. Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio yote yaliyogawa vijana kwa bahati nasibu, walikuta waliopelekwa walitenda makosa *zaidi* ya wasiopelekwa. Bado zinaendeshwa sehemu mbalimbali. Zinapendeza machoni, basi.

---

mbishi_asilia:

Hiyo ya kambi imenichoma. Naendelea kusoma.

---

wakili_msomi:

Nimefuatilia kimya, niongeze upande wa mahakama, maana mnaongea kana kwamba wanaofungwa ndio waliotenda.

Tangu mwaka 1989 vipimo vya vinasaba vimewatoa gerezani watu zaidi ya 300 nchini Marekani waliothibitika hawakutenda. Katika karibu asilimia 70 ya kesi hizo kulikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiye yeye. Mashahidi hao hawakuwa waongo. Walikuwa na uhakika, na jopo la raia lililosikiliza kesi liliwaamini kwa sababu ya uhakika huo.

Gary Wells na wenzake wamefanya kazi kubwa kuhusu gwaride la utambuzi, na mapendekezo yao hayagharimu karibu chochote. Askari anayesimamia gwaride asijue mtuhumiwa ni yupi, ili asimpe shahidi ishara hata bila kukusudia. Shahidi aambiwe kwamba huenda mhalifu hayupo kabisa. Na aulizwe palepale ana uhakika kiasi gani, iandikwe, kabla hajapongezwa na mtu. Uhakika wa siku ya gwaride lililofanywa vizuri una maana. Uhakika wa mahakamani miezi minane baadaye umeshapikwa na mengi.

Nawapa na tahadhari. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa bodi za parole za Israeli, zile zinazoamua kama mfungwa aachiwe kabla ya kumaliza kifungo: maamuzi zaidi ya 1,100, majaji wanane. Wafungwa waliosikilizwa mwanzo wa kikao walikubaliwa kama asilimia 65, idadi ikashuka hadi karibu sifuri kabla ya mapumziko, kisha ikarudi juu baada ya majaji kula. Dunia nzima ikashangilia: haki inategemea tumbo la hakimu! Mimi mwenyewe nimewasikia mawakili wakiutaja kwa furaha.

Wakosoaji wakafuata mpangilio wa kesi. Hazikupangwa kwa bahati nasibu. Wafungwa wasio na wakili walikuwa wakiwekwa mwisho wa kikao, na asiye na wakili hushindwa mara nyingi zaidi hata hakimu akiwa ameshiba. Mwingine akaonyesha kwamba uamuzi wa kukubali huchukua muda mrefu, hivyo hakimu anayeona mapumziko yamekaribia haanzishi kesi ndefu. Njaa inaweza kuwa na mchango, lakini si kwa ukubwa ule uliotangazwa.

---

Mdadisi:

Asante wakili. Na polisi je? Mleta mada kasema uhakika wa kukamatwa. Basi askari wakijazwa mtaani ndiyo jibu?

---

Mleta mada:

Inategemea wamejazwa vipi. Kansas City, mwaka 1972 hadi 1973, waligawa maeneo 15 ya doria katika makundi matatu: kwingine doria ya magari iliondolewa na polisi wakaja wakiitwa tu, kwingine ikaachwa kama kawaida, kwingine ikazidishwa mara mbili au tatu. Baada ya mwaka mzima hakukuwa na tofauti ya maana ya uhalifu, na wakazi hawakugundua kuwa kuna kilichobadilika.

Ila upande mwingine, Denmark. Septemba 1944 Wajerumani waliovamia nchi walilikamata jeshi la polisi la Denmark. Ujambazi ukapanda vibaya. Lakini ulaghai na wizi wa kuaminiwa, ambako mtendaji anajulikana kosa likigunduliwa, haukupanda hivyo. Polisi kutokuwepo kabisa na polisi kuzunguka bila mpango ni mambo mawili tofauti.

Ufumbuzi ulitoka Minneapolis. Lawrence Sherman na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba kama asilimia 3 tu ya anwani za mji zilitoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Hata kwenye mtaa unaoitwa hatari, nyumba nyingi hazina shida yoyote. Majaribio ya kuweka askari kwenye kona hizo chache yamefanya vizuri. Ile hofu kwamba wahalifu watahamia kona ya pili, David Weisburd aliipima Jersey City, akakuta maeneo ya jirani nayo yalinufaika.

---

wakili_msomi:

Mleta mada usisahau Hawaii, maana ndiyo mtihani wa nadharia yako.

Mwaka 2004 jaji Steven Alm alianza kuwashughulikia watu wa kifungo cha nje wanaotumia dawa za kulevya kwa njia ya uhakika na upesi. Ukikutwa na dawa kwenye mkojo unalala ndani siku chache, mara moja, bila mjadala. Tathmini ya mwaka 2009 ilikuta waliowekwa kwenye mpango huo walikamatwa kwa makosa mapya pungufu kwa zaidi ya nusu. Beccaria mtupu! Kisha ukajaribiwa kwenye majimbo manne mengine, matokeo yakatoka mwaka 2016: kwa jumla hakuna tofauti.

---

Mleta mada:

Kweli kabisa, na nimeona maelezo mawili. Wapo wanaosema kiini kilikuwa Alm mwenyewe, jinsi alivyokuwa akiongea na watu wale, akiwaambia anataka wafaulu. Wapo wanaosema usimamizi wa kawaida wa kifungo cha nje kwenye majimbo yale manne haukuwa mbaya kama wa Hawaii ya awali, hivyo nafasi ya kuboresha ilikuwa ndogo. Mimi naegemea la kwanza. Tom Tyler ameonyesha tangu mwaka 1990, kwa kuwahoji watu wa Chicago, kwamba watu hutii sheria zaidi wakiona wamesikilizwa na kutendewa kwa haki, hata uamuzi ukiwaangukia vibaya.

---

mbishi_asilia:

Sawa wakuu. Mmeongea wahalifu, polisi, mahakimu. Aliyepigwa na kuibiwa yuko wapi kwenye tafiti zenu? Mtu hajavunjwa mbavu ili asaidie takwimu.

---

wakili_msomi:

Swali la haki kabisa, na kwa muda mrefu alikuwa hayupo. Mahakamani ni shahidi wa serikali tu, akishatoa ushahidi anaambiwa aende nyumbani.

Njia iliyopimwa vizuri ni hii: mwathirika anakubali kukaa na aliyemtendea, kukiwa na msimamizi, baada ya mtendaji kukiri. Heather Strang, Sherman na wenzao walikusanya majaribio 10 ya aina hiyo mwaka 2013. Waathirika waliokaa kwenye vikao hivyo waliridhika zaidi kuliko walioishia mahakamani tu, na hamu yao ya kulipiza kisasi ilikuwa ndogo. Watendaji nao walirudia makosa pungufu kidogo.

Na usilolitegemea: watu wengi hudhani njia hii ni ya kesi ndogondogo, kuku kaibiwa, dirisha kavunjwa. Majaribio yalionyesha kinyume. Ilifanya kazi vizuri zaidi kwenye makosa ya kuumiza watu kuliko kwenye ya mali.

---

mbishi_asilia:

Hiyo siikubali mpaka niisome mwenyewe. Nimvunje mtu mbavu halafu tukae meza moja? Nikimaliza kusoma narudi hapa kubishana.